Mwamba wa Kuonyeshwa

Katika ufuo wa Sahare, mjini Tanga, kuna swali moja ambalo mtu aliyelelewa pwani hamuulizi mvuvi anayeteremsha samaki: hawa umewatoa wapi? Mvuvi huyo ataulizwa bahari ilikuwaje, upepo ulianza kuvuma saa ngapi, maji ya nje yalikuwa safi au yamechafuka, na wenzake waliobaki huko amewaacha katika hali gani. Ataombwa kitoweo, naye atatoa. Jina la mwamba halitajwi mbele za watu. Mgeni akilitaka kwa kutojua, hujibiwa kwa upole, "Baharini tu, Mungu katupa," na wote waliosimama pale hugeuza mazungumzo haraka ili asione haya.

Wapo wanaouita huo uchoyo. Nimewasikia hata watu wa Tanga wenyewe wakisema hivyo, hasa wale wanaokutana na samaki mnadani tu. Sikubaliani nao. Mvuvi yuleyule asiyetaja mwamba wake atakugawia chambo ukiishiwa katikati ya bahari. Atakukatia pima kadhaa za mshipi wake ukipotelewa na wako. Atakuja kukusukumia ngalawa juu ya mchanga hata kama ametoka kazini usiku kucha na mgongo unamuuma. Kitu kimoja tu ndicho kinachoshikwa kwa mkono uliofumbwa, na sababu zake hakuna aliyenikalisha chini akanieleza. Nimezipata kwa kukaa na watu wa mshipi, kuwatazama mikono, na kuangalia nani anapewa nini, lini, na baada ya mwenendo gani.

Mwamba ulio chini ya maji hauna kibao. Ukitoka ghuba ya Tanga, una kisiwa cha Toten ndani, Ulenge na mnara wake wa taa upande wa kaskazini, Yambe na Karange upande wa kusini, na nyuma ya mji, siku isiyo na ukungu, milima ya Usambara. Msafiri wa boti huyaona hayo akapiga picha. Mvuvi huyatumia kama anwani. Huchukua vitu viwili vya nchi kavu vilivyo mbalimbali, kimoja mbele na kingine nyuma, tuseme mnazi mrefu wa ufuoni na pengo la mlimani, akasogea mpaka mnazi uingie ndani ya pengo. Hapo ana mstari mmoja. Mstari mmoja haumfikishi, maana unaweza kuufuata mpaka bahari kuu. Hutafuta wa pili upande mwingine, pengine ncha ya kisiwa inapoanza kufunika mnara, na pale mistari miwili inapokatana ndipo penye mwamba. Vitu viwili vikiachana sana kwa umbali, alama inakuwa kali: ngalawa ikisogezwa na mkondo kidogo tu, mnazi umeshatoka nje ya pengo, na mwenye macho anajua kuwa chini yake sasa ni mchanga mtupu.

Kazi iliyobaki ni ya chubwi, ile timazi inayozamisha mshipi. Inateremshwa na mshipi unahesabiwa kwa pima, mikono ikitanuliwa na kukunjwa, mpaka itue. Ikigonga jiwe, kidole kinapata mdundo mkavu. Ikitua mchangani, inatua kimya. Ikiingia topeni, kuinua kwake kuna uzito wa kung'ang'aniwa. Mvuvi mzoefu hukwambia kilicho chini bila kuchungulia, na hukwambia pia kama mwamba una ukingo, kwa sababu upande mmoja wa ngalawa mshipi unafika mapema na upande wa pili unaendelea kushuka.

Elimu hiyo haiandikwi popote. Imo vichwani mwa watu, na njia yake ya kutoka kichwa kimoja kwenda kingine ina utaratibu wake.

Mzee aliyenifundisha mshipi alikuwa akiniweka mbele ya ngalawa, uso umeelekea nje, bara nimelipa mgongo. Kwa muda mrefu nilikaa hivyo. Nilijifunza kukata chambo cha ngisi kwa vipande virefu vinavyocheza majini, kufunga ndoana kwa fundo lisiloteleza, kuchota maji ya ngama bila kumwagia mtu, na kunyamaza. Alinipa kazi ya nanga, na ndani ya kazi ile mlikuwa na somo: nanga haitupwi juu ya mwamba penye matumbawe, inatupwa pembeni mchangani, juu ya mkondo, kisha kamba inalegezwa mpaka ngalawa ijilaze penyewe mahali pake. Kishindo cha nanga juu ya jiwe kinatimua samaki leo, na jiwe lenyewe linavunjika kidogo kidogo mpaka siku lisipokuwa na pa kumficha samaki.

Halafu asubuhi moja, umande ukitusukuma kutoka bara, aliniambia, "Mwanangu, leo njoo ukae huku nyuma, uangalie bara." Hakusema zaidi. Hakunyoosha kidole pia, kwa sababu kidole baharini huonekana mbali, na zilikuwapo ngalawa nyingine. Aliniuliza kwa sauti ya chini naona nini. Nikasema mnazi. Akaniuliza mnazi ulikuwa wapi dakika chache zilizopita. Nikamjibu. Akaniuliza sasa umekuwaje. Tukaenda hivyo kwa maswali mpaka mwenyewe nikamwambia, "Hapa," naye akateremsha tanga bila kusema nimepata au nimekosa. Chubwi ndiyo iliyosema.

Mwamba ule wa kwanza ulikuwa mdogo, wa changu wa kawaida, na baadaye nilielewa kuwa nusu ya Sahare inaujua. Ndivyo wanavyofanya. Wa kwanza kuonyeshwa ni ule ambao hata ukiuharibu hujaharibu nyumba ya mtu. Wanatazama unaurudiaje. Je, unauendea kila siku mpaka uishe? Je, unaupeleka kwa rafiki zako? Je, ukiwakuta wengine pale, unakaa wapi? Mwenendo wako juu ya mwamba wa changu ndio unaoamua kama utaonyeshwa wa chewa.

Siku ile samaki walikuwa bado wanauma vizuri mzee aliposema tupandishe nanga. Kitoweo kilikuwamo, cha kuuza kilikuwamo. Nilimtazama tu. Akasema mwamba huachwa wakati bado unakula, ili siku nyingine ukufungulie. Nimesoma tangu hapo maelezo marefu ya wataalamu kuhusu kuvua kwa kiasi, na mengi ni ya kweli, lakini sijaona yaliyomtuma mtu kupandisha nanga samaki wakiuma. Mzee alinituma, na bado nafanya hivyo.

Nataka kukaa kidogo kwenye adabu za juu ya maji, kwa sababu wengi wetu tunazijua za nchi kavu tu. Chombo kilichokwisha kutia nanga kinaendewa kama nyumba ya mtu. Salamu inatangulia, kutoka mbali, na anayefika ndiye anayeanza, hata kama ana umri mkubwa kuliko aliyemkuta. Mashine inazimwa mapema na kinachobaki kinamaliziwa kwa kafi. Mgeni hakai moja kwa moja nyuma ya mwenyeji upande unakokwenda mkondo, kwa sababu chambo kilichomwagwa na mwenyeji kinapita huko, na samaki wanaopanda kufuata harufu wangekutana na ndoana za mgeni kwanza. Huko ni kula katika sahani ya mwenzako kabla hajanawa. Wala hakai juu ya mkondo karibu naye, akawavuta samaki wapite chini ya ngalawa ya mwenyeji bila kusimama. Anakaa ubavuni, kwa umbali ambao mishipi haitakutana hata maji yakigeuka. Hayo yote yanafanyika bila mtu kuamrishwa. Kijana asiyeyajua haelezwi kwa ukali. Mwenyeji humwita tu, "Njoo, kaka, uchukue chambo," na njia anayomwelekeza kuja kuchukua ndiyo inayomhamisha.

Kuna jambo jingine ambalo kila nikiliona moyo wangu hufurahi. Mmoja akinasa samaki mkubwa, kolekole au chewa wa kweli, wenzake wa jirani hupandisha mishipi yao bila kuombwa. Wanaacha kuvua. Pengine ndiyo saa pekee ya asubuhi hiyo ambayo samaki wanauma, na wao wanakunja mishipi ili ya mwenzao isizongwe. Samaki akiingia ngalawani hakuna anayepiga kelele za pongezi sana. Kila mtu anarudisha chubwi yake chini. Na dema la mtu haliinuliwi, hata kama chelezo chake kimekatika na unajua kabisa kuwa limejaa. Unakwenda kumwambia mwenyewe lilipo.

Kuna habari nyingine kabisa ambazo hazina siri wala kipimo, nazo ni habari za hatari. Upepo ukibadilika, gogo likiwa linaelea njiani, maji yakivuta isivyo kawaida kwenye mlango kati ya visiwa, mvuvi atapaza sauti kwa yeyote aliye karibu, awe rafiki au mtu ambaye hawasalimiani kwa ugomvi wa shamba. Nilikuwa na mzee usiku mmoja tuliposikia watu wakiita gizani. Tulikuwa juu ya mwamba wake wa ndani kabisa, ule ambao alikuwa akizima taa vyombo vingine vikipita. Aliinua taa akaishika juu, akaizungusha mpaka wakaja: vijana watatu kwenye ngalawa iliyovunjika tengo la upande mmoja, wamechoka kuchota maji. Tuliifunga ngalawa yao ubavuni mwa yetu mpaka alfajiri. Kulipokucha, bara lote lilikuwa wazi mbele yao, minazi na milima mahali pake, na vijana wale walikuwa wavuvi, hawakuhitaji kuelezwa walikuwa wapi. Mzee hakuwaomba wanyamaze. Miaka imepita, na kila wanapotaka kwenda pale hupita kwanza kwake nyumbani, wakamwuliza hali, kisha wakamwuliza kama mwamba umepumzika. Wana macho yao na wana ngalawa yao nzima. Wangeweza kwenda bila kumwuliza mtu.

Kwa hiyo naamini mahali pa kuvulia hupewa mtu pamoja na uhusiano, na uhusiano ndio unaopalinda. Anayeonyeshwa anajua nani alimwonyesha, na aliyemwonyesha alionyeshwa na nani. Mwamba ukiharibiwa, kuna mlango wa kwenda kubisha.

Kina mama wanaochokoa pweza wana utaratibu huohuo, na pengine wao wameushika kwa uangalifu kuliko wanaume. Maji ya bamvua yanapokupwa mpaka miamba ya ufuoni ikaachwa wazi, utawaona pande za Mwarongo na Kigombe wakitembea na michokoo yao, kila mmoja na njia yake. Hawatangitangi. Kila mmoja anayajua mapango yake, na mengi alionyeshwa na mama au shangazi tangu akiwa mtoto wa kubeba kikapu. Pweza akitolewa katika pango zuri, baada ya siku mwingine atahamia, kwa hiyo pango lenyewe ndiyo mali. Halivunjwi. Jiwe lililogeuzwa linarudishwa lilivyokuwa. Na pango lililozibwa mlango kwa mawe kutoka ndani linapitwa, kwa kuwa huenda jike amelalia mayai. Pweza jike hutaga mara moja, akayatunza mayai bila kula mpaka yaanguliwe, kisha akafa. Ukimtoa kabla, umetoa kitoweo cha siku moja na kizazi kizima. Mama mwenye njia yake akiugua, jirani atapita mapango ya mgonjwa na kumpelekea fungu lake. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na hakukuwa na mkutano wala barua.

Tangu pweza aanze kununuliwa kwa ajili ya masoko ya Ulaya, wanaume wenye miwani ya kuzamia wameingia katika miamba ileile, na wengi wao hawakuonyeshwa na mtu. Wanaona tundu, wanachoma, wanaendelea. Siwalaumu kwa kutafuta riziki. Ila wanaotembea juu ya mali iliyotunzwa na mama zao wangestahili angalau kuwauliza.

Mbaya zaidi ya yote, kwa pwani yetu ya Tanga, ilikuwa baruti. Sheria ilikataza uvuvi wa milipuko tangu mwaka 1970, na bado kwa miongo mingi tulikuwa tukisikia mshindo ukitoka nje ya visiwa kama jambo la kila wiki. Mlipuko hauchagui samaki wa kuua, na jiwe la matumbawe lililosambaratika huwa kifusi kinachobingirika na mawimbi. Mbegu changa za matumbawe hazipati pa kushika, na mwamba hukaa miaka mingi bila kupona. Katika zama hizo kutaja mwamba sokoni ulikuwa ujinga wa hatari. Wazee walizidisha ukimya, na baadhi walikwenda na siri zao kaburini badala ya kuziachia mdomo usiojulikana. Kuanzia mwaka 2016 na 2017, vyombo vya dola viliposhikamana, milipuko ilipungua sana. Ukimya ule haukuondoka siku hiyohiyo.

Hofu nyingine ni ya ramani. Silikanti, samaki ambaye wataalamu walimdhania ametoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, alianza kuonekana katika majarife ya wavuvi wa Tanzania mwaka 2003, na baada ya hapo wavuvi wa Tanga, hasa wa pande za Kigombe, wakawaleta wengi kuliko ilivyotarajiwa. Wavuvi walisema walikotega. Mwaka 2009 eneo hilo likatangazwa kuwa hifadhi ya bahari. Mimi nafurahi kuwa silikanti wana mlinzi. Pia naelewa mvuvi aliyejifunza kutokana na hayo kuwa mahali pakitajwa huandikwa, na pakiandikwa huwekewa mpaka, na mpaka huja na mtu mwenye sare anayemwuliza anafanya nini pale alipomwonyesha.

Mtafiti Robert Johannes aliishi na wavuvi wa visiwa vya Palau, katika bahari ya Pasifiki, miaka ya 1970, na kitabu chake cha mwaka 1981 kilikiri kwamba wavuvi wale walijua mengi ambayo sayansi ilikuwa haijayagusa, hasa siku za mwezi ambazo samaki hukusanyika kutaga. Kwetu Afrika Mashariki pia, kusini mwa Kenya, pande za Msambweni, watafiti waliongozwa na wavuvi mpaka kwenye mikusanyiko ya tasi, ambao wenzetu wa Mombasa huwaita tafi. Elimu ya namna hii ina uzito wa pekee. Samaki waliotawanyika eneo kubwa mwaka mzima huja mahali pamoja, siku zilezile za mwezi, wakiwa wamejaa mayai na hawana woga. Anayejua mahali na siku anaweza kuwamaliza kwa misimu michache. Chewa wa Karibi, katika visiwa vingi, walipungua kwa njia hiyohiyo.

Na sasa imekuja namba. Kijana anasimama juu ya mwamba, anabonyeza kitufe cha simu au cha jipiesi, na kazi ya miaka ya kutazama minazi inakuwa tarakimu anazoweza kumtumia mtu aliye Dar es Salaam kabla hajafika nyumbani. Namba inasafiri bila mtu. Anayeipokea hajui nanga inatupwa upande gani, hajui tasi wanataga lini, hajui kuna mama mjane anayetegemea dema lililo ukingoni, na hana mlango wa kwenda kubisha wala hakuna wa kuja kubisha kwake. Ninaposema hivi sikichukii kifaa. Kimewaokoa watu, na alama za macho hazisaidii usiku wa mvua.

Kwa upande wa pili, ukimya nao una madhara yake, na wanaoutetea wasiyafiche. Kuna wazee waliosubiri kijana mwenye sifa zote mpaka wakafa wakisubiri. Kuna vijana wenye adabu kabisa ambao hawana baba mvuvi, na kwa hiyo hawana wa kuwageuza uso waangalie bara. Kuna mabinti wanaotaka mshipi, nao huambiwa wakae na michokoo. Desturi inayolinda mwamba kwa kumnyima mtu kwa sababu ya ukoo wake au jinsia yake imeacha kulinda mwamba, inalinda kiti.

Desturi zetu wenyewe zina jibu bora kuliko hilo, nalo ni la dago. Wavuvi wa Kojani, Pemba, wanajulikana pwani nzima kwa kuhama na bahari. Wanafika Tanga, wanafika Vanga na Shimoni, wanapiga kambi msimu mzima na kurudi kwao. Ni wageni kabisa, na ni wavuvi hodari kuliko wenyeji wengi. Chombo cha dago chenye heshima zake hakilowanishi nyavu siku ya kuwasili. Nahodha anapanda kijijini, anaonana na wazee, siku hizi pia na kamati ya BMU, inayosimamia uvuvi wa ufuo huo, anasema wametoka wapi, wako wangapi, wana zana gani. Anaambiwa wapi pavuliwe, wapi paachwe, na maji ya kunywa yako wapi. Mwisho wa msimu, urafiki ukikaa vizuri, wenyeji nao wamejifunza namna mpya ya kutega. Mgeni hakuzaliwa pale, hana ukoo pale, na amepewa mahali, kwa sababu alikuja kwa miguu yake na kutoa jina lake.

Mzee wangu sasa macho yamepungua. Mwamba wake mmoja, wa mbali, ulimpotea: mwembe uliokuwa alama ya mbele ulikatwa, na palipokuwa na pengo la minazi limesimama jengo. Aliyempatia tena ni kijana wa jirani mwenye jipiesi, ambaye hakuwa na namba ya mwamba huo wala mtu wa kumtumia. Walikwenda pamoja, mzee akikumbuka mkondo, kina, na muda wa safari kutoka Yambe kwa upepo wa kaskazi, kijana akiandika njia waliyopita, wakirudi na kupita tena mpaka chubwi ilipogonga. Mzee alimruhusu aiweke namba. Akamwomba jambo moja, kwamba atakayeutaka mwamba asitumiwe namba, apelekwe.

Hilo wamekubaliana. Wanalobishana bado ni miezi na siku za mwezi ambazo tasi hutaga pale. Kijana anataka ziandikwe na kubandikwa pwani, kwenye ubao wa kamati, ili wote wajue siku za kukaa mbali na miamba ya namna ile, bila kutaja hata mmoja kwa jina. Mzee anaogopa kwamba anayejua siku atapatafuta mahali. Mimi niko upande wa kijana, na nimemwambia mzee hivyo mbele yake: siku hizo ni habari ya hatari, na yeye ndiye aliyenifundisha habari ya hatari inatolewaje. Alinyamaza, akaendelea kufunga ndoana. Kisha akasema nikaiandike mimi, kwa kuwa mwandiko wa kijana hausomeki, na nimletee amsikie mtu akiisoma kwa sauti kabla haijapelekwa popote.